Mama Anapotolewa Kizazi: Je, Roboti Ni Bora Kuliko Njia Nyingine?



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo watu wa ndoa hulinong'ona tu, tena mara nyingi wakiwa wamekwisha kuchelewa. Nalo ni upasuaji wa kuondoa kizazi, yaani ile nyumba ya mtoto iliyo tumboni mwa mama. Siku hizi kuna njia kadhaa za kuufanya upasuaji huo, na iliyo mpya kuliko zote ni ile ya kutumia roboti. Kuna familia ambazo ndugu au watoto wao walioko ng'ambo hupiga simu na kusema, "Msikubali mama akatwe tumbo. Mpelekeni kwenye roboti." Baba akisikia hivyo huanza kufikiria kuuza ng'ombe au kipande cha shamba. Mama naye hubaki na hofu kwamba asipopata mashine hiyo atakuwa amepata matibabu ya watu duni.

Je, ushauri huo ni wa kweli? Tuuchunguze polepole, hatua kwa hatua, ili mume na mke waweze kuamua pamoja huku wakijua wanaamua nini.

Kwa nini mama hutolewa kizazi?

Sababu ya kawaida sana ni uvimbe wa kizazi, ambao hospitalini huitwa faibroidi. Kwa kawaida uvimbe huu si saratani, lakini waweza kumfanya mama atokwe na damu nyingi kila mwezi hata akapungukiwa na damu mwilini, akashikwa na kizunguzungu na kushindwa na kazi zake. Sababu nyingine ni kushuka kwa kizazi, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi. Ugonjwa wa endometriosi unaoleta maumivu makali. Saratani ya kizazi au ya mlango wake. Na hatari ya ghafla kama vile damu isiyokoma baada ya kujifungua. Katika hatari hiyo ya mwisho hakuna nafasi ya kuchagua njia. Madaktari hufungua tumbo mara moja ili kuokoa maisha, na haifai mtu yeyote wa ukoo kuwalaumu baadaye kwamba hawakutumia mashine.

Katika magonjwa mengi mengine wakati upo. Tena si kila uvimbe unaodai kizazi kitolewe. Kuna dawa za kupunguza damu, kuna vidonge vya madini ya chuma vya kurudisha nguvu, na kuna upasuaji wa kuondoa uvimbe peke yake na kukiacha kizazi mahali pake. Upasuaji huo huwafaa hasa wale ambao bado wanatumaini kupata mtoto. Na mama aliye karibu kukoma hedhi huenda akaona uvimbe ukinywea wenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni njia gani itumike, mwulizeni daktari kama kweli upasuaji unahitajika.

Njia nne za upasuaji

1. Kupitia tumboni. Daktari hukata tumbo na kukitoa kizazi kupitia hapo. Njia hii humpa nafasi ya kuona na kugusa kwa mikono yake, na hufaa kizazi kikiwa kikubwa mno au kikiwa kimeshikamana na viungo vingine. Ubaya wake ni kidonda kirefu, maumivu zaidi, siku kadhaa za kulala hospitalini, na wiki 6 hadi 8 kabla ya mama kurudia kazi zake zote.

2. Kupitia ukeni. Hapa tumbo halikatwi kamwe. Daktari hukifungua kizazi kutoka chini na kukitoa kupitia uke. Si njia ya jana wala juzi. Mjerumani Conrad Langenbeck aliifanya mwaka 1813, kabla hata dawa ya usingizi haijapatikana. Haihitaji mashine ya bei ghali, na haiachi kovu tumboni.

3. Kupitia matundu madogo, yaani laparoskopi. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili liinuke, kisha daktari hutoboa matundu machache, akaingiza kamera nyembamba na vyombo virefu, na kufanya kazi huku akitazama kioo cha televisheni. Daktari Harry Reich wa Pennsylvania, Marekani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa kizazi kwa njia hii, mwaka 1988.

4. Kwa msaada wa roboti. Hii kwa kweli ni mtoto wa ile njia ya tatu. Matundu ni yale yale na hewa ni ile ile, lakini vyombo hushikwa na mikono ya mashine. Mashine iliyoenea zaidi inaitwa da Vinci, ya kampuni ya Intuitive Surgical ya California. Serikali ya Marekani iliruhusu itumike katika magonjwa ya wanawake mwaka 2005.

Roboti hufanya nini hasa?

Jina "roboti" huwatisha wengine. Hudhani ni mtu wa chuma anayempasua mgonjwa huku madaktari wakinywa chai. Sivyo hata kidogo. Roboti hii haiamui neno lolote. Daktari huketi kwenye kiti mita chache kutoka kitanda cha mgonjwa, akachungulia ndani ya kioo kinachomwonyesha tumbo kwa ukubwa na kwa kina, na kuendesha mashine kwa vidole na nyayo zake. Akisogeza kidole, chombo kilicho tumboni nacho husogea. Akitulia, nacho hutulia. Wauguzi, daktari wa dawa ya usingizi na msaidizi wa upasuaji hubaki kando ya mgonjwa muda wote.

Faida yake kwa daktari ni tatu. Vyombo vya mashine vina viwiko vidogo vinavyopinda kila upande kuliko hata kiwiko cha mkono wa binadamu, kwa hiyo kushona ndani ya mahali pembamba huwa rahisi. Mtetemo wa mkono huchujwa, hauwafikii vyombo. Na daktari anayeketi hachoki mgongo kama anayesimama kwa saa nyingi. Hasara zake nazo zipo. Mashine hugharimu zaidi ya dola milioni moja, na vyombo vyake hutupwa vikiisha kutumiwa idadi fulani ya mara. Kuipanga mashine kabla ya kazi huchukua muda. Tena mashine nyingi zilizoko hospitalini hazimpi daktari hisia ya mguso: haoni kwa vidole kama nyama ni laini au ngumu, huona kwa macho tu.

Wagonjwa wenyewe walipona vipi?

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu, maana mashine nzuri haitafutwi kwa uzuri wake. Hutafutwa kwa ajili ya mama atakayetoka hospitalini.

Tuanze na magonjwa yasiyo saratani. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walichapisha katika jarida la JAMA uchunguzi wa wanawake 264,758 waliotolewa kizazi katika hospitali 441 kati ya mwaka 2007 na 2010. Katika muda huo matumizi ya roboti yalipanda kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 9.5 ya upasuaji wote wa namna hiyo. Walipowalinganisha waliopasuliwa kwa roboti na waliopasuliwa kwa laparoskopi ya kawaida, matatizo ya upasuaji yalikuwa karibu sawa: asilimia 5.5 kwa roboti na asilimia 5.3 kwa laparoskopi. Waliolala hospitalini zaidi ya siku mbili walikuwa wachache kidogo upande wa roboti, asilimia 19.6 dhidi ya asilimia 24.9. Lakini kila upasuaji wa roboti uligharimu dola 2,189 zaidi. Ukihesabu dola moja kuwa shilingi 130, hiyo ni nyongeza ya zaidi ya shilingi 280,000, ambayo haikumpunguzia mama matatizo.

Mwaka huo huo chama cha madaktari wa magonjwa ya wanawake cha Marekani kiliwatahadharisha wananchi wasivutwe na matangazo, kikaeleza kwamba roboti si njia pekee wala si njia bora ya kutoa kizazi bila kukata tumbo.

Je, maana yake roboti haina kazi? La. Faida kubwa huonekana pale inapomwepusha mama na kukatwa tumbo, hasa mama mnene sana au mwenye makovu mengi ya ndani, ambaye laparoskopi ya kawaida ingekuwa ngumu kwake. Tofauti kubwa, basi, iko kati ya kukatwa tumbo na kutokatwa. Uchambuzi wa majaribio mengi yaliyofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba mama aliyetolewa kizazi kupitia ukeni au kwa laparoskopi hurudia shughuli zake za kawaida mapema kwa wiki moja na nusu hivi, au hata karibu wiki mbili, kuliko aliyekatwa tumbo. Laparoskopi ina doa lake pia: kibofu na mirija ya mkojo hujeruhiwa mara nyingi zaidi kuliko katika upasuaji wa wazi. Ndiyo maana madaktari wengi husema kwamba kama kizazi chaweza kutolewa kupitia ukeni, njia hiyo itangulizwe.

Kuna onyo moja zaidi. Kizazi kikubwa hakipiti kwenye tundu dogo, na zamani kilikuwa kikisagwa vipande vipande ndani ya tumbo kwa chombo cha umeme. Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipinga desturi hiyo, kwa kuwa ilikadiriwa kwamba mwanamke 1 kati ya 350 wanaopasuliwa kwa sababu ya faibroidi huwa na saratani iliyojificha, na kusaga huko kwaweza kuitawanya tumboni.

Saratani mbili zisizofanana

Hapa tunawaomba msome kwa makini, kwa sababu kosa la hapa laweza kumgharimu mama uhai wake.

Kuna saratani inayoanzia ndani, katika ukuta wa kizazi, ambayo dalili yake kubwa ni damu kutoka baada ya mama kukoma hedhi. Jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wanawake 2,616 lililinganisha laparoskopi na upasuaji wa kukata tumbo. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai walikuwa karibu asilimia 90 katika makundi yote mawili, na waliotobolewa matundu walipata matatizo machache zaidi baada ya upasuaji. Kwa ugonjwa huu, basi, matundu madogo ni njia njema, na roboti imewasaidia madaktari wengi kuitumia.

Lakini saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawasumbua sana akina mama wa Afrika Mashariki, ni jambo tofauti. Mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 631 wenye saratani hiyo katika hatua za mwanzo yaliwashangaza madaktari duniani kote. Miaka minne na nusu baada ya upasuaji, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 96.5 kwa waliokatwa tumbo, lakini asilimia 86 tu kwa waliopasuliwa kwa matundu. Wengi wa hao wa pili walipasuliwa kwa laparoskopi ya kawaida na wachache kwa roboti. Waliofariki pia walikuwa wengi zaidi katika kundi la matundu. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatoa tahadhari kuhusu kutumia roboti kutibu saratani za wanawake kabla usalama wake haujathibitishwa.

Kwa hiyo mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayeambiwa na daktari wake kwamba tumbo litakatwa asidhani amepewa matibabu ya kizamani. Huenda ndiyo yaliyo salama zaidi kwake. Na tukumbuke kwamba ugonjwa huu waweza kugunduliwa mapema kwa kipimo cha mlango wa kizazi, kabla haujawa saratani kamili. Baba anayemhimiza mkewe aende kupimwa amefanya kazi kubwa kuliko ya mashine yoyote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kanisa lasemaje?

Wanandoa wengine hujiuliza kama kukubali upasuaji huu ni dhambi. Mafundisho yako wazi. Katika waraka wake wa mwaka 1968, Papa Paulo wa Sita alifundisha kwamba matibabu yanayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili hayakatazwi, hata kama yatazuia uzazi, mradi kizuizi hicho si ndicho kinachokusudiwa. Mama mwenye saratani au damu inayomhatarisha anaweza kutolewa kizazi kwa amani ya moyo. Mwaka 1993 Vatikani ilieleza kwamba si halali kukiondoa kizazi ambacho chenyewe hakina hatari ya sasa, kwa hofu tu kwamba mimba ya baadaye italeta taabu. Na katika jibu la mwaka 2018 ikafafanua kwamba kama wataalamu wana hakika kuwa kizazi hakiwezi tena kubeba mimba mpaka mtoto aweze kuishi, kukiondoa si kufunga uzazi. Roboti haibadilishi lolote hapo; ni chombo tu, kama kisu kilivyo chombo. Mwenye shaka amwendee padre wake pamoja na maelezo ya daktari.

Maswali ya kumwuliza daktari

Nendeni wote wawili. Kuuliza si ujinga, na daktari mwema hachukii kuulizwa. Andikeni maswali haya kwenye karatasi:

1. Ugonjwa wenyewe ni upi, na umethibitishwa kwa vipimo gani?
2. Kuna matibabu mengine ambayo hatujayajaribu?
3. Je, kizazi chaweza kutolewa kupitia ukeni? Kama haiwezekani, kwa nini?
4. Wewe daktari umefanya upasuaji wa njia hii mara ngapi? Mkono uliozoea laparoskopi ni bora kuliko mkono unaojifunza roboti.
5. Ovari zitabaki au zitatolewa? Zikitolewa kabla ya wakati wake, mama hukoma hedhi kwa ghafla, na joto la mwili na kukosa usingizi humjia mara moja.
6. Mlango wa kizazi utabaki? Ukibaki, bado atahitaji kupimwa saratani.
7. Gharama yote ni kiasi gani, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, au bima nyingine italipa nini? Ulizeni kabla ya kuitisha harambee.

Mkisikia gharama ya roboti ikiwalazimu kuuza shamba linalosomesha watoto, na daktari amesema njia nyingine yafaa, msione haya kuichagua hiyo nyingine. Hamjampunguzia mama upendo.

Nyumbani baada ya upasuaji

Matundu madogo yana udanganyifu wake. Watu wakiona plasta tatu nne tumboni hudhani mama hakufanyiwa kitu. Ndani, hata hivyo, kuna mshono mkubwa juu ya uke, na mshono huo huchukua wiki kadhaa kushikamana, iwe ametibiwa kwa roboti au kwa kisu. Ukifunguka, ni hatari ya kurudishwa hospitalini mbio. Kwa hiyo kwa muda wa wiki 6 hivi, au kama daktari atakavyosema, mama asibebe mtungi wa maji wa lita 20, ambao ni kilo 20 nzima, wala mzigo wa kuni, wala mtoto mzito. Atembee kidogo kidogo kila siku, kwa maana kulala tu huleta damu kuganda miguuni. Akipata homa, damu nyingi, usaha wenye harufu, mguu mmoja kuvimba, pumzi kukatika au mkojo kutoka wenyewe, arudi hospitalini bila kungoja kliniki.

Tendo la ndoa nalo lingoje ruhusa ya daktari, kwa kawaida si kabla ya wiki 6. Baba, hapa ndipo upendo wako hupimwa. Usimlazimishe, wala usimnunie. Baada ya kupona, wanandoa wengi huendelea vizuri, na mama aliyekuwa akisumbuliwa na damu na maumivu mara nyingi huona nafuu. Maneno ya mtaani kwamba mama aliyetolewa kizazi amekuwa "gunia tupu" ni uongo na ni ukatili. Hedhi hukoma na mimba haipatikani tena, hiyo ni kweli, na mama anaweza kulia kwa ajili hiyo. Mwache alie, ukae naye. Lakini uanamke wake haukuwekwa katika kiungo kimoja. Shangazi au mama mkwe akianza kunong'ona juu ya mke wa pili, ni mume anayepaswa kumnyamazisha, si mgonjwa.

Kabla ya siku ya upasuaji, mwiteni padre ampe mama Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Si ya wanaokufa tu. Yafaa kabisa kwa anayekwenda kupasuliwa. Jumuiya yenu Ndogo ya Kikristo nayo ipewe kazi halisi: nani atateka maji, nani atapika, nani atawapeleka watoto shule.

Ya kuzungumza ninyi wawili

1. Je, mume anajua hali ya hedhi na afya ya mkewe, au huisikia kwa watu wengine?
2. Mama alipimwa lini mara ya mwisho mlango wa kizazi?
3. Ikitokea mmoja wetu apasuliwe, nani atafanya kazi zake za nyumbani kwa wiki 6?
4. Tunapochagua hospitali, tunatafuta nini hasa: sifa mbele ya majirani, au daktari anayeijua kazi yake?

Zungumzeni jioni moja watoto wakiisha kulala, na redio ikiwa imezimwa. Mungu awajalie afya, na pale afya inapokosekana, awajalie kushikana mikono.